Ganzi shavuni baada ya saratani ya ngozi kutolewa: niandike nini kwenye fomu ya MRI?

Tabibu_Nansio: Wakuu, mgonjwa ana ualbino, alitolewa saratani ya ngozi ya skwamasi chini ya jicho la kushoto. Kovu limepona, ila ana ganzi shavuni hadi mdomo wa juu na anahisi kama sisimizi wanamtembea. Majibu ya CT: "hakuna uvimbe." Kuvuka ziwa hadi Mwanza mara mbili ni mzigo kwake. Niombeje ili safari iwe moja?

Picha_za_Kichwa: Daktari, CT isikutulize: ganzi hiyo inaweza kuwa saratani inayotambaa kufuata neva. Tundu la neva kwenye mfupa hupanuka saratani ikishakaa sana. Wala usiandike "MRI ya uso" tu. Andika: "Saratani ya ngozi, ganzi eneo la V2 kushoto, fuateni neva toka ngozini hadi shina la ubongo." V2 ni tawi la pili la neva ya 5, la hisia za shavu na mdomo wa juu. Msomaji wa picha aifuate kuelekea ubongo: sakafu ya tundu la jicho, kishimo cha terigopalatini, tundu la rotundamu, sainasi ya kavenasi, pango la Meckel. Vipande vya picha visizidi unene wa mm 3. T1 (aina ya picha ya MRI ambamo mafuta hung'aa) ya kwanza ipigwe bila dawa na bila kuzima mng'ao wa mafuta, maana kishimo kile kwa kawaida hung'aa kwa mafuta. Ukikiona kijivu upande mmoja, shtuka. Kisha gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha) 0.1 mmol kwa kilo (kilo 60 ni ml 12 za dawa ya 0.5 mmol/ml), na T1 tena, mafuta yamezimwa.

Fundi_Sumaku: Muulize meno ya chuma. Karibu na chuma mafuta hayazimiki, yanabaki meupe, mtu anadhani ni saratani. Njia ya Dixon (hutenganisha maji na mafuta) husaidia. STIR (njia nyingine ya kuzima mafuta) msiipige baada ya gadoliniamu, inaweza kufuta mng'ao mnaoutafuta. Halafu wenye ualbino wengi macho huchezacheza: mwelekeo wa fezi (ambako vivuli vya kutikisika hutawanyika) uwe kulia-kushoto, la sivyo vivuli vya macho vinaangukia kavenasi. Majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) aje nayo.

Tabibu_Nansio: Asante sana. Mdomo ukianza kupinda?

Picha_za_Kichwa: Basi neva ya 7, ya misuli ya uso, nayo imo. Ongeza tezi ya parotidi na tundu la stailomastoidi. Neva ya orikulotemporali huunganisha V3 (tawi la tatu la neva ya 5) na ya 7, saratani huvukia hapo. Mng'ao wa vena kuzunguka neva ni wa kawaida, kwa hiyo linganisheni pande zote mbili. Mpe msomaji pia majibu ya kinyama kilichopimwa maabara (biopsi): neva iliyovamiwa ikiwa na kipenyo cha mm 0.1 au zaidi, hatari ni kubwa. Na ganzi ikizidi kutambaa huku MRI ni safi, usimwachie mgonjwa hivyo hivyo. Saratani iliyo ndogo sana haionekani kwenye picha.