Mrejesho: kibali cha kupandisha ghorofa kimetoka

Niliuliza kama nyumba ya chini yenye kibali cha zamani inahitaji kingine ikiongezwa ghorofa moja. Jibu: ndiyo, na kinaombwa upya halmashauri (hapa Tanzania).

Vilivyopelekwa: nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, seti 3 za michoro ya usanifu na seti 2 za michoro ya vyuma. Mchoraji awe amesajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) na mhandisi ERB (bodi ya wahandisi), tena wagonge mihuri yao.

Faili lilirudishwa mara moja, kwa haki kabisa: michoro ya vyuma ilionyesha nguzo mpya tu, msingi uliopo haukuguswa. Ilibidi kuchimba pembeni mwa msingi kwenye pembe mbili, kupima kina na upana wake, kisha mhandisi akaandika ripoti. Msingi wa mawe haukutosha, hivyo nguzo zimepewa vitako vyake vya zege.

Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number) tu. Mkaguzi aitwe kabla ya kumwaga zege. Vyuma vikishafunikwa hana cha kukagua.