Rupia, shilingi na reale: kipimo kipi cha madini ya fedha kisichoziharibu?

Mjukuu wa Pangani: Shikamooni wakubwa. Bibi kaniachia kibweta chenye rupia ya Mjerumani ya 1904, shilingi nane za simba za Afrika Mashariki, enzi ya Mwingereza, na reale moja ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya Austria. Sonara mmoja anataka azikwangue atie tindikali. Mwingine kapitisha sumaku tu, akasema zote fedha. Nimfuate yupi?

Mzee Sarafu: Marahaba. Usimfuate hata mmoja. Sumaku haishiki shaba, kwa hiyo umejua tu kwamba si chuma. Tindikali inasema kweli, ila doa halitoki, na mkusanyaji akiliona anashusha bei. Shilingi zisome mwaka: za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, fedha hamna.

Binti Mnazi: Na usihukumu kwa rangi. Yangu ya 1925 imelika mgongoni mwa simba hadi wekundu wa shaba umejitokeza. Nilidhani bandia, kumbe ndivyo zinavyozeeka.

Fundi Saa: Rupia na reale ndizo zinazoghushiwa, na hapo maji hayana mpinzani. Tafuta mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Weka bilauri ya maji juu yake, irudishe sifuri, kisha ning'iniza rupia kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini. Rupia isiyolika ina gramu 11.66; ikizama mizani isome karibu 1.13. Gawanya uzito kwa namba hiyo, utapata 10.3: ndiyo fedha ya 917 kwa elfu. Ikisoma 1.30, umeuziwa shaba na nikeli. Shilingi usizipime hivi, tofauti ya yenye fedha na isiyo nayo ni kama gramu 0.03, kiputo kimoja cha hewa kinaimeza.

Mzee Sarafu: Kwenye reale, mwaka 1780 ulioandikwa usikupe umri, zimeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo hadi karne ya 20. Uzito ni gramu 28.07, fedha 833 kwa elfu, majini isome kama 2.75. Zungusha ukingo: lazima uone IUSTITIA ET CLEMENTIA.

Mjukuu wa Pangani: Nimepima mara tatu tatu. Rupia 1.13, alhamdulillahi. Shilingi mbili ni za 1952, basi sita ndizo zenye fedha. Reale imeniuma, ni bandia: gramu 26.40, majini 2.98, ukingo mtupu. Ina tundu juu ya kichwa cha malkia, nadhani bibi aliitungia mkufu. Hiyo siiuzi.