Risasi za bunduki ya .22 (mtutu wa inchi 0.22) zatawanyika kwenye shabaha ya mita 50

Swali (Jinja): Wakuu, natumia risasi za kasi ya mita 375 kwa sekunde. Matundu yanatawanyika sentimita 6. Darubini imekazwa vizuri. Je, mtutu umechakaa?

Jibu (Mbarara): Usilaumu mtutu, ndugu. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Risasi yako inaanza juu ya hapo na kushuka chini yake kabla ya kufika shabahani. Hapo ndipo inapoyumba. Tafuta za mita 320 hadi 330 kwa sekunde, zenye uzito wa gramu 2.6.

Jibu (Kampala): Kweli kabisa. Ila usizihukumu hizo mpya mapema: piga kama 20 kwanza, nta iliyopakwa kwenye zile za zamani itoke mtutuni. Halafu tano tano, kila fungu na karatasi yake. Kagua pia skrubu za kitako.