Mama ana miezi minne tangu awekewe bega bandia, mkono bado hauna nguvu: naomba ushauri

Binti wa Kibosho (Moshi):
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliwekewa bega bandia la kulia miezi minne iliyopita, baada ya kuteseka miaka mingi kwa misuli ya bega iliyochanika. Maumivu yamekwisha, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, lakini mkono akiunyanyua ukafika usawa wa kifua unaanza kutetemeka. Juzi alijaribu kuipua sufuria ndogo ya mtori, ikabidi aidake kwa mkono wa kushoto. Kinachomuumiza zaidi moyoni ni kushindwa kupitisha kanga nyuma ya kiuno ili ajifunge mwenyewe. Alipotoka hospitali alipewa karatasi ya mazoezi ya Kiingereza, na hakuna aliyetuketisha akatueleza. Ndugu wanasema ajikaze arudi kukata majani ya ng'ombe ndipo misuli iamke. Je, ni sahihi?

Mnyooshaviungo (Arusha):
Dada, pole kwa kumuuguza mama. Kuwafanyisha mazoezi ya viungo wagonjwa kama yeye ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwanza ulizeni aliwekewa bega la aina gani. Bega bandia la kawaida huiga lile la asili, yaani tufe huwa kwenye mfupa wa mkono na kikombe kwenye mfupa bapa wa bega, na ili lifanye kazi vizuri ni lazima misuli minne midogo inayokizunguka kiungo iwe mizima. Ikiwa imechanika kiasi cha kutorekebishika, mara nyingi huwekwa bega la kinyume, ambalo muundo wake wa kisasa ulibuniwa Ufaransa na daktari Paul Grammont katika miaka ya 1980. Hapo tufe na kikombe hubadilishana mahali, na msuli mkubwa unaolifunika bega, deltoidi, hupata nafasi nzuri ya kuunyanyua mkono bila msaada wa ile iliyochanika. Msuli huo sasa unajifunza kazi iliyokuwa ya wengi. Mazoezi ya nguvu kwa kawaida huanza baada ya wiki 12 hivi, kwa hiyo mama yuko mwanzoni tu, na nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka mmoja na zaidi.

Kuhusu kanga, nakuomba sana asilazimishe. Kupeleka mkono nyuma ya mgongo huku umegeukia ndani, au kujisukuma kwa mkono huo anapoinuka kwenye kigoda, kunaweza kulichomoa bega la kinyume, na wengi hawarudishi mwendo huo kikamilifu hata wakipona.

Daktari wake akiridhia, aanze akiwa amelala chali, auinue mkono kwa msaada wa ule mzima, kisha peke yake. Akizoea, mwekeeni mito mgongoni hadi aweze akiwa ameketi wima. Chupa ya maji ya nusu lita ije baadaye kabisa. Mundu usubiri.

Mstaafu wa Majengo:
Mwanangu, mimi niliwekewa lile la kawaida. Msuli wa mbele ulikatwa ili kiungo kiingie, kisha ukashonwa, ndiyo maana wiki sita nilikatazwa hata kusukuma mlango. Mwezi wa nne sikuweza kuinua ndoo, mwezi wa tisa nilikuwa naanika nguo kwenye kamba. Mazoezi yangu mama asiyaige, maana masharti yanatofautiana.

Mnyooshaviungo (Arusha):
Naongeza jambo moja: akipata maumivu mapya juu kabisa ya bega, kidonda kikitoa maji, au mkono ukipoteza ghafla mwendo aliokwisha kuupata, msisubiri tarehe ya kliniki.

Binti wa Kibosho (Moshi):
Ahsanteni sana, shikamoo mzee wangu. Karatasi tumeisoma upya na mwanangu wa sekondari, na kweli ni bega la kinyume. Jumatatu nampeleka hospitali ya KCMC, kitengo cha fiziotherapia (mazoezi ya viungo). Kanga yake moja nimeishonea kamba za kufungia mbele, na leo asubuhi ameifunga mwenyewe akiwa ameketi kitandani.