Re: Jamani hii winta inaisha lini? Makoti mnaweka lini?

Mgeni, Brooklyn Park

Habari za jioni wote, wakubwa shikamooni. Mimi ni mgeni hapa Minnesota, nimetoka Morogoro mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo hii ndo winta yangu ya kwanza. Juzi jua limewaka nikatoka na fulana tu mpaka dukani, majirani wako nje wanachoma nyama, nikasema alhamdulillah imeisha, koti nikalitia kwenye boksi. Leo asubuhi naamka gari halionekani, theluji. Sasa ndo nini hii? Mnaweka makoti lini, hita mnazima lini, na mtu anajuaje asubuhi avae nini? Naombeni msaada wenu.

Mtanga wa St. Paul

Marahaba, na karibu sana. Kwanza litoe hilo koti kwenye boksi leo leo, usingoje kesho.

Pili, tarehe hakuna. Wenyeji wenyewe hawana, ukimuuliza mzee wa Kizungu aliyezaliwa hapahapa atacheka tu. Mwaka 2018 katikati ya mwezi wa nne, watu washaanza kufagia vibaraza na kutoa viti nje, ikashuka theluji Minneapolis zaidi ya inchi 15 ndani ya siku mbili tatu. Mwaka huohuo barafu ya Lake Minnetonka imekuja kuondoka tarehe 5 mwezi wa tano. Haya, 2024 ziwa lilelile limefunguka tarehe 13 mwezi wa tatu! Karibu miezi miwili hapo katikati na ziwa ni moja. Na kutangaza ziwa limefunguka nako kuna utaratibu wake, askari wa majini wa kaunti wanatembeza boti, ikiweza kutoka ghuba hii kwenda ile bila kukwama kwenye barafu ndo wanasema tayari.

Sababu yake si ngumu. Kaskazini kuna hewa ya baridi ya Kanada, kusini kuna hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, na katikati hakuna mlima hata mmoja wa kuzuia, tambarare tupu, kwa hiyo kipindi hiki zinasukumana hapa juu ya vichwa vyetu. Sisi watu wa pwani tunajua kaskazi na kusi zinapokezana kwa msimu, huku zinapokezana kwa wiki, basi ndo hivyo, ukishalikubali hilo unaacha kugombana na mbingu.

Na hapa nitasema kitu ambacho najua wengine humu watanizomea. Mimi hiki ndo kipindi nakipenda kuliko vyote hapa Minnesota, kuliko hata mwezi wa saba ambao ni jasho na mbu. Mwezi wa kwanza unaamka unajua kabisa kilichoko nje, baridi, na kesho baridi, na keshokutwa. Sasa hivi kila ukifungua pazia kuna habari mpya. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka saa moja asubuhi, na njia ya kwenda kwenye gari ina mtaro. Asubuhi mtaro umeganda lakini juu juu tu, barafu nyembamba, na chini yake maji yameshaanza kutembea, unaona viputo vya hewa vinajikokota vinatafuta pa kutokea, ukiweka kisigino inalia kwanza ndo ipasuke. Nikiamka saa nane mchana paa lote linadondosha maji, watoto wa jirani wamevaa kaptula na mabuti ya mvua wamesimama katikati ya dimbwi hawataki kuitwa ndani. Saa mbili usiku imeganda tena. Halafu mwanga! Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa na saa tisa kasoro za mchana, natoka kazini giza na kurudi giza, sasa hivi kila siku mchana unaongezeka kama dakika tatu na unauona kwa macho, jikoni jua limefika mahali halikuwa linafika. Na harufu ya udongo ndugu zangu, miezi yote ile pua haina kazi, siku ya kwanza udongo ukilowa unasimama tu unavuta hewa. Ingawa nakiri na mavi ya mbwa ya winta nzima nayo yanafumuka siku hiyohiyo.

Hata huku kuganda na kuyeyuka tunakokulalamikia wenzetu wanakuombea. Ile miti ya maple inatoa utomvu wakati huu tu, usiku iwe chini ya sifuri ya Selsiasi mchana iwe juu, ndo utomvu unapanda unashuka wanaukinga kwenye ndoo. Galoni 40 hivi unachemsha unapata galoni moja ya asali yake. Joto likija moja kwa moja wiki nzima, vichipukizi vikafunguka, kazi imekwisha mpaka mwakani. Kuna mabustani ya kaunti yanaonyesha watu mwezi wa tatu, mpeleke mtoto kama unaye.

Lakini hayohayo maji ndo yanaua barabara, na hapa sikiliza vizuri kama unaendesha. Yanaingia kwenye nyufa za lami mchana, usiku yanaganda yanatanuka karibu asilimia 9, yanainua lami, yakiyeyuka chini kunabaki uwazi, linapita lori moja, shimo. Kwa hiyo dimbwi usilipite kwa kasi ukidhani ni maji tu, hujui kina chake, rimu zinapinda hapo. Acha nafasi na gari la mbele ili uone barabara. Ukiwa Minneapolis shimo unaliripoti 311, namba ya simu ya jiji.

Mambo ya kuvaa: usiangalie joto la juu la siku, hilo linadanganya, angalia saa kwa saa. Asubuhi 28, mchana 55, jioni 35 na upepo, hiyo yote siku moja, na hizo ni za Farenhaiti. Vaa fulana, sweta, jaketi jepesi la kuzuia mvua juu, uwe unavua unavaa. Koti kubwa liweke kwenye buti la gari pamoja na glovu na kofia, na kile kikwaruzo cha barafu kisitoke kwenye gari mpaka mwezi wa tano ufike katikati. Maji ya waipa endelea kutumia yale yasiyoganda. Ile taa ya presha ya tairi ikiwaka asubuhi ikazima mchana usikimbilie gereji kutoa hela, kila joto likishuka digrii 10 za Farenhaiti tairi inapoteza kama psi moja, pima asubuhi kabla gari halijatembea, jaza, basi.

Watu wengi wanaanguka kipindi hiki. Mchana maji yanatiririka kwenye ngazi, usiku yanakuwa kioo, na huoni kitu, unaona saruji imelowa tu. Tembea kama bata, mikono nje ya mifuko. Mwaga chumvi jioni kabla hujalala, japo baridi ikishuka chini ya 15 za Farenhaiti haifanyi kazi ya maana, hapo mwaga mchanga.

Na ziwa usikanyage. Hata ukiona mtu yuko kule na kiti anavua samaki. Barafu ya sasa inaweza kuwa nene na bado haibebi, imeoza ndani, ikigeuka rangi ya kijivu ndo kabisa. Watu wa Maliasili wenyewe wanasema hakuna barafu iliyo salama asilimia mia, hiyo ni hata mwezi wa kwanza, sembuse sasa.

Hita usizime, ishushe tu kidogo mchana. Na hapa kwa wale ambao bili ya gesi au umeme imewalemea, sheria ya jimbo inawakinga msikatiwe kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi mpaka tarehe 30 mwezi wa nne, ila lazima muwe mmekubaliana na kampuni mpango wa kulipa na muufuate. Tarehe 30 ikipita kinga imeisha. Wapigieni sasa, msingoje barua.

Mama wa Brooklyn Center

Mzee asante, mmh wewe kusema unapenda hii kitu ni kwa sababu hauoshi mabuti ya watoto wanne kila jioni. Matope kila mahali, mlangoni kwangu nimeweka beseni na gazeti na bado.

Lakini kwa upande wa shamba niko na wewe. Mgeni, kama uko na kauwanja kadogo ama hata balkoni, sukuma sasa ndio wakati. Mbegu naweka ndani kwa dirisha linalopata jua mwezi wa tatu, kwa vikopo vya yogati tu, ukitoboa chini. Sukuma haiogopi baridi kidogo, hata ikipigwa na sakitu inakuwa tamu, kwa hivyo mwisho wa mwezi wa nne naitoa nje. Lakini usiitoe siku moja tu ghafla, anza na saa moja mahali hakuna upepo, kesho saa mbili, polepole namna hiyo, la sivyo majani yanaungua yanakuwa meupe. Nyanya, terere, managu, hizo ngoja mpaka Mother's Day ipite, yaani Jumapili ya pili ya mwezi wa tano. Kila mwaka kuna mtu anaona jua la mwezi wa nne anapanda nyanya zote na usiku mmoja zinaisha.

Na usichimbe udongo ukiwa bado majimaji, ukikauka utakuwa matofali. Chukua ngumi moja ufinye, ikivunjika ukiigusa na kidole, chimba. Ikibaki donge, rudi nyumba unywe chai.

Mtu wa Goma, Rochester

Ndugu zangu bonjour. Mimi naongeza neno moja juu ya saa. Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu saa za hapa zimesogea mbele saa moja, lakini kwetu Afrika hazisogei. Goma tulikuwa tunapishana saa nane, sasa ni saba. Kenya na Tanzania ilikuwa tisa, sasa nane. Mtu aliyezoea kumpigia mama saa tatu usiku ya hapa, kule ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, mama ameshaamka, sasa anamwamsha saa kumi na moja na mama anadhani kuna msiba. Mimi nimesogeza simu zangu.

Ingine, wale tuko na beseimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Theluji ikiyeyuka haraka na udongo chini bado umeganda, maji hayana pa kwenda, yanaingia ndani. Mwaga ndoo ya maji kwenye kile kishimo cha pampu uone kama pampu inawaka yenyewe. Mabomba ya paa yapeleke maji mbali na ukuta. Toa maboksi chini, yapandishe kwenye rafu. Na usome insurance yako, ile ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, na maji ya kurudi kwenye bomba la choo mara nyingi unapashwa kuyaongezea mwenyewe kwa pesa kidogo.

Mgeni, Brooklyn Park

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na koti nimelitoa. Mama wa Brooklyn Center nitakutafuta mambo ya mbegu. Ila sasa hivi nina swali lingine, leo Jumatano saa saba mchana ving'ora vimelia mtaa mzima kama vita, nimetoka nje na viatu vya ndani, nikakuta jirani anamwagilia maua yake ya kwenye chungu wala hajashtuka???

Mtanga wa St. Paul

Hahaha pole sana. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa saba kamili mchana ni majaribio tu. Ni ving'ora vya kimbunga, tornado. Siku nyingine yoyote vikilia, au Jumatano hiyo mbingu ikiwa nyeusi, usitoke nje kuangalia, ingia ndani, shuka beseimenti, kama huna ingia chooni au stoo ya katikati isiyo na dirisha, halafu ndo ufungue simu uone wanasema nini. Vikilia hivyo maana yake ni kujificha sasa. Simu ikikwambia "watch" hiyo bado, ni kwamba hali inaruhusu, kaa macho. Ikisema "warning" hakuna kusubiri. Na mwezi wa nne kuna wiki nzima jimbo linafanyisha watu mazoezi, Alhamisi vitalia mchana na jioni, usikimbie tena na ndara.

Kijana wa Minneapolis kusini

Shikamooni. Mmesahau kufagia barabara, na hiyo ndo inayokula hela za watu. Mwezi wa nne jiji linafagia mchanga na majani ya winta nzima, mtaa kwa mtaa. Wanabandika vibango vya No Parking siku moja kabla, vya karatasi, kwenye miti na nguzo, na watu tumeshazoea kupaki bila kuangalia kwa sababu theluji imeisha tunadhani mambo ya kuhamisha gari yameisha. Hayajaisha. Ukiamka saa mbili gari limevutwa, unalipa faini, unalipa la kuvuta, na kila siku likikaa kule unaongezewa. Ukirudi kazini usiku washa tochi ya simu uangalie mti ulio karibu na gari lako. Mtaa wetu vimebandikwa leo, pande zote mbili, kwa hiyo anayekuja kwangu kesho apaki kanisani kule nyuma, nimeshaongea nao.