Kazi Kigoma, nyumba Ujiji: uhame au ugombee daladala ya saa kumi na mbili na nusu?

Mwana wa Ujiji

Wakuu, salaam. Nina wiki mbili za kuamua, nisaidieni kabla sijamwaga pesa.

Kazi yangu iko Kigoma mjini, kule chini karibu na stesheni. Saa moja na nusu asubuhi natakiwa niwe nimeshakaa. Naishi Ujiji kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba, kodi silipi. Nimepata chumba na sebule Mwanga, mtaa ulio mlimani juu ya mji, shilingi 90,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Hiyo ni 540,000 kwa mkupuo.

Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, Desemba 2023 ni 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Kwenda na kurudi 1,200, kwa siku 24 za kazi ni 28,800. Ukiishia hapo, kuhama ni wazimu. Ila nyumba yetu iko ndani, mbali na lami, na mvua zikishaanza ile njia huipiti na viatu vya kazini. Napanda boda hadi kituoni, 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Ongeza 48,000. Jumla 76,800. Kutoka Mwanga nashuka kwa miguu, silipi mtu. Kwa hiyo tofauti ni 13,200 tu kwa mwezi, na napata usingizi wa saa nzima zaidi.

Msimamo wangu: tunajidanganya tukisema Kigoma hakuna foleni. Foleni yetu inakaa kituoni. Gari ikishaondoka inateleza bila shida, lakini kabla haijaondoka mimi, wauguzi wa hospitali ya Maweni, wanafunzi na mama zangu wenye madumu ya mawese tunagombea mlango mmoja.

Niliyerudi kutoka Dar

Nimecheka hadi nimeona aibu. Kilomita nane hivi ndizo zinakuliza?

Nilikaa Mbagala, kazi Posta. Asubuhi nilikuwa napanda daladala inayokwenda mwisho wa njia, kinyume kabisa na kazini, nalipa, nabaki kitini, inageuza, napita tena mtaani kwangu nikiwa nimekaa. Kule tunaita kugeuza. Nauli mara mbili, unanunua kiti. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 yalikuwa ya watu wa Kimara, sisi wa Mbagala tuliendelea kuning'inia.

Stanley, yule Mzungu aliyemtafuta Livingstone, alitoka pwani akatembea miezi kama minane kufika hapo Ujiji 1871. Wewe unalalamikia kituo.

Mwana wa Ujiji

Kaka, jipu lako kubwa haliponyi langu dogo.

Mama wa dagaa, Kibirizi

Mwanangu, hesabu yako ina tundu. Kushuka kutoka Mwanga kwenda mjini ni kweli, hata mtoto anashuka. Jioni umechoka, una kilo mbili za unga mkononi, ule mlima utaupanda na nini? Weka boda ya jioni kwenye karatasi yako kabla hujasema 13,200.

Mimi nilihama kwa sababu nyingine. Mitumbwi ya dagaa inarudi Kibirizi alfajiri, na ukichelewa mzigo mzuri umekwisha. Nilipokaa Mwanga nilikuwa natoka saa kumi na moja, daladala hakuna, ni boda na giza, pesa ya mzigo imefungwa kwenye pindo la kanga. Siku moja vijana wawili walinifuata kuanzia kona hadi kwenye taa ya duka. Sikulala pale mwezi mwingine. Nikahamia Kibirizi, vichanja vyangu vya kuanikia dagaa naviona kutoka mlangoni.

Sasa sikiliza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Miezi mitatu nimekaa karibu na kazi isiyokuwepo! Nikawa natoka Kibirizi kwenda kuuza mawese sokoni Mwanga, nauli kila siku, kulekule nilikohama. Hata mwezi wa kawaida mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi hawatoki. Sijutii kuhama. Najuta kulipa kodi ya mwaka.

Mzee wa mtaa, Ujiji

Hamjambo wanangu.

Mnabishana juu ya nauli bila kuuliza kwa nini mtu wa Ujiji anafuata kazi Kigoma. Zamani ilikuwa kinyume. Mji ulikuwa huku. Misafara iliyotoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, ilivuka ziwa ikatua Ujiji, ndiyo ikaelekea Tabora na pwani. Kigoma kilikuwa kijiji tu. Wajerumani walipoleta reli waliangalia ziwa: kule kuna ghuba yenye kina, meli inatia gati. Reli ikafika Kigoma 1914, na ofisi zikaifuata reli. Sisi tukabaki na miembe na misikiti, na kila asubuhi watoto wetu wanawafuata Wajerumani.

Kwa hiyo hoja si kijana ahame au asihame. Manispaa inaitwa Kigoma/Ujiji, majina mawili. Bandari haihami, naelewa. Karani wa kugonga mhuri anaweza kukaa popote, mpeni meza Ujiji. Mkiipangisha nyumba ya baba yenu kwa mgeni ili mkapange Mwanga, mtarudi mkute choo kimejaa na mwembe umekatwa kuni.

Mwana wa Ujiji

Shikamoo mzee. Hilo la mwembe limenigusa, sikatai.

Muuza vitenge, Mwanga

Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote napingana nawe. Ukizitawanya ofisi tutapata safari mbili badala ya moja. Leo nikishuka mjini namaliza benki, TRA na mzigo wangu wa bandarini kwa nauli moja. Mhuri ukiwa Ujiji nitapanda daladala mbili kwa karatasi moja. Wanaofaidi ni wenye magari tu.

Ongeza daladala asubuhi, yaishe.

Mwalimu wa sekondari

Daladala zikiongezwa mwanafunzi bado ataachwa. Nauli yake ni 200, ya mtu mzima 600. Konda mwenye hesabu ya tajiri kichwani anaona wanafunzi watatu wamekalia pesa ya abiria mmoja. Anafanya nini? Anasimamisha gari hatua ishirini mbele, wakubwa wanapanda, watoto wanakimbia, gari imeondoka. Hii naiona kila siku kituo changu, na mtoto anaingia darasani saa mbili, ameloa, halafu kwa mazoea ya shule anachapwa kwa kuchelewa. Mimi simchapi, wenzangu wananishangaa.

Mwenye mada hajataja watoto. Kama unao, usipige hesabu ya kazi yako. Piga ya shule yao kwanza. Wewe ukikosa gari unampigia bosi simu, mtoto anampigia nani?

Mwana wa Ujiji

Mmoja, darasa la tano. Anasoma hapahapa Ujiji, anatembea dakika kumi. Kusema kweli sikuwa nimemweka kwenye hesabu.

Mhasibu

Kuna Mwitaliano mmoja, Cesare Marchetti, mwaka 1994 aliandika kwamba watu wa zama zote hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi. Wakipata chombo cha kasi hawabaki nyumbani zaidi, wanahamia mbali zaidi. Anayetembea na anayepanda treni wanakutana kwenye saa ileile. Ni makisio ya jumla, usiyafanye sheria. Ila jipime nayo: toka mlangoni hadi mezani, na muda wa kusubiri umo ndani. Ukizidi sana saa moja kwa siku mwili utaanza kukudai.

Kijana wa boda

Mimi ndiye hiyo 48,000 mnayoisema kama uchafu. Bosi, kwa nini unalipa kwa siku? Mteja wa kila siku tunaelewana kwa mwezi. Nina mwalimu na muuguzi, kila mmoja ananipa 30,000, namtoa asubuhi namrudisha jioni, mvua ikinyesha nampigia honi mapema. Hapo umeokoa 18,000 hujagusa nyumba ya mzee.

Na toka saa kumi na mbili kasorobo. Gari ya kwanza unachagua kiti.

Mwana wa Ujiji

Nimerudi baada ya wiki moja ya kujipima na saa. Jumatatu, muda wangu wa zamani: dakika 82 kutoka mlangoni hadi mezani, 35 kati ya hizo nimesimama kituoni. Jumanne hadi Ijumaa nimetoka saa kumi na mbili kasorobo: 44, 41, 47, na Alhamisi ile mvua 60. Nafika ofisi imefungwa, nakunywa chai kwa mama ntilie mpaka mlinzi afungue. Chai na chapati mbili kila siku nayo ni pesa, nimeshaanza kuiona.

Mama wa Kibirizi, nilimwomba mwenye nyumba wa Mwanga nilipe miezi mitatu nijaribu msimu wa mvua. Amesema ana watu wengine watano wanaosubiri na sita yao. Kwa sasa nimeelewana na boda, 32,000 kwa mwezi, ameng'ang'ania hizo mbili za juu kwa sababu ya tope. Mwenye kujua nyumba Mwanga inayopokea kodi ya mwezi kwa mwezi aseme hapa. Mwembe sijaupangisha.