Tupeane uzoefu: Maandishi yako yanapopewa jina la mwingine

Mwanzisha mada, Wete:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Msimu uliopita wa karafuu niliandika makala ndefu juu ya uchumaji kama nilivyoujua kwa marehemu bibi yangu, tangu kukwea mikarafuu, kuchambua usiku kwa taa ya chemli, hadi kuanika majamvini. Siku chache baadaye shemeji yangu alinitumia makala hiyo hiyo kwa WhatsApp, akinihimiza niisome kwa kuwa aliyeiandika anaijua Pemba. Jina lililokuwa chini yake halikuwa langu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba aliyeichukua aliiondoa aya iliyomtaja bibi, na nilipoandika makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, yeye akaweka maganda. Nilimwandikia kwa adabu, akanijibu kuwa kilichokwisha kuwekwa mtandaoni ni cha wote. Naomba aliyefikwa na jambo kama hili atueleze alifanya nini.

Mchangiaji, Unguja Mjini:
Wa alaykumu salaam. Jibu ulilopewa si sahihi, ndugu yangu. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, na tunayo ofisi ya COSOZA inayosimamia haki hizo. Haki ya mtunzi huanza anapoandika, hata kama hajasajili popote.

Mimi nilitunga shairi la kumuaga dada yangu alipoolewa, nikaliweka mtandaoni. Baadaye nikiwa mwalikwa katika harusi nyengine nikalisikia likisomwa, na katika kaditama, yaani ubeti wa mwisho, nilipojitaja kama walivyofanya watunzi wetu wa zamani, msomaji alikuwa amelitoa jina langu akatia lake. Jina lake limezidi silabi moja, kwa hivyo kipande cha mizani 8 kikawa cha 9. Nilinyamaza kwa heshima ya wenye shughuli, na mpaka leo nalijutia hilo.

Mchangiaji, Chake Chake:
Nami nakiri kwamba niliwahi kusambaza makala ya mtu bila ya jina lake. Mwenyewe alinipigia simu, hakunigombeza, aliniuliza tu kama ningependa mwanangu aitwe kwa jina la baba mwengine. Nilimwomba radhi na jina lake nikalirejesha siku ile ile.

Mwanzisha mada, Wete:
Nimewaelewa, ahsanteni. Nitakwenda kuuliza COSOZA, na usiku huu naiweka tena makala yangu, ikianza na ile aya ya bibi.